Naomba ushauri: nifuatilieje asili ya wembe wa kale wa kukunja?

Ndugu zangu, nimerithi wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na nilipoifuta kutu taratibu kwa kitambaa chenye mafuta, karibu na kiungio yalijitokeza maneno “Sheffield” (mji wa Uingereza unaojulikana kwa utengenezaji wa visu na nyembe) na “England”. Kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zioneshe nchi zilikotengenezwa, nahisi ni wa baada ya hapo, ingawa mhuri wa mtengenezaji umelika nusu. Kinachonigusa zaidi ni herufi mbili zilizochongwa kwa mkono mpinini, ambazo si za yeyote ninayemfahamu katika ukoo wetu. Je, nianzie kwenye orodha za kale za mafundi wa mji huo? Na niache kabisa kuung’arisha, nisije nikafuta ushahidi?