Nyeupe ikizama na nyeusi ikabaki mezani, mchezo HAUJAISHA! Mwambieni mheshimiwa

Fimbo_Chongo
Wakuu, naandika moto ukiwa bado kifuani, herufi zikiruka mnisamehe. Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa vituko vya ligi. Hiki si kituko, huu ni uhalifu.

Mnamjua, simtaji. Refa wa ligi yetu ya pool, yule wa daftari kwapani, anayelala na pembetatu ya kupangia mipira chini ya mto isije ikaibwa.

Fremu (mchezo mmoja) ya kuamua. Mchezaji wetu kamaliza mipira yake 7 yote, imebaki nyeusi. Kataja shimo la kona, kaweka chaki pembeni yake iwe alama, kila mtu kaona. Anapiga. Nyeusi inagonga mdomo wa shimo, inagoma, inasimama nusu shibiri kutoka hapo. Nyeupe, ule mpira unaopigwa kwa fimbo, inateleza zake, inazama shimo la kati. Basi, faulo. Mpinzani anapewa nyeupe mkononi, anaiweka popote mezani, anaendelea. Na mpinzani mwenyewe, aliyebakiwa na mipira 4, alishainama kuichukua!

Mheshimiwa akaibuka: "Mchezo umeisha, mmepoteza." Halafu akanyoosha mkono AKAISUKUMA NYEUSI SHIMONI. Kwa mkono! Kwenye meza ya sarafu, ambayo ikishameza haitapiki mpaka uilishe tena! Kuuliza kanuni ipi, naambiwa "kajifunze kushika fimbo kwanza."

Nyeusi inakupotezea mchezo ukiizamisha kabla ya kumaliza kundi lako, ukiizamisha kwa pigo moja na mpira wako wa mwisho, ukiizamisha shimo ambalo hukulitaja, ukiizamisha huku umefanya faulo, au ikiruka nje ya meza. Nyeusi ya jana haikuzama wala haikuruka. Ilizamishwa na MKONO WA MTU.

Nawasilisha.

Pembetatu
Siti ya mbele 🍿

Mzee_wa_Faulo
Kijana, tuliza presha. Nyeupe ikizama ukiwa unapiga nyeusi umekufa. Ndivyo inavyochezwa kila siku, hizo za mitandaoni mnazitoa wapi?

Kona_Nne
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo mnachanganya vitabu viwili. Kanuni za chama cha dunia, WPA, ziko kama alivyosema mleta uzi: nyeupe ikizama na nyeusi ikabaki, ni faulo ya kawaida. Kwenye ligi za APA za Marekani, ambako ndiko wengi wameokota mazoea haya, nyeupe ikizama kwenye pigo la nyeusi umepoteza hata kama nyeusi haijasogea. Zote ni kanuni halali. Swali ni moja tu, karatasi ya ligi yenu imeandika ipi? Kama haikuandika, refa hana haki ya kuchagua fremu zikiwa 4 kwa 4.

Fimbo_Chongo
Karatasi imeandika "kanuni za dunia zitatumika". Mstari wa kwanza kabisa! Na hata ingeandika vingine, mkono unaingiaje mezani? Nionyesheni kitabu chenye ukurasa wa mkono.

Dada_Chaki
Hapo kwenye mkono niko na wewe. Pakiwa na mzozo hakuna anayegusa chochote: wala mpira, wala chaki, wala fimbo iliyolala mezani. Makepteni wawili wanaitwa, kila mmoja anasema alichoona, kanuni inasomwa kwa sauti, ndipo mchezo unaendelea. Ukishaondoa nyeusi hata rufaa haina maana, utairudisha wapi? Wenye akili hupiga picha ya meza kutoka juu kabla hawajaanza kubishana.

Mpiga_Brek
Kwa hiyo uzi mzima ni mkono? 😂 Mbona hamsemi kwa nini nyeupe ilizama? Nyeupe ikifika kwenye mpira bila kuzunguka mbele wala nyuma, huondoka kwa nyuzi 90 kutoka njia ya mpira iliougonga. Ikifika inabiringika, hupinda kwenda mbele zaidi. Mchezaji wenu alikuwa analiona shimo la kati linamkodolea macho na bado akapiga katikati ya nyeupe kwa nguvu za kubomoa ukuta. Angepiga polepole, juu kidogo ya kati, ingepita mbele ya lile shimo. Mkono wa mheshimiwa umewafichia aibu, mshukuruni.

Fimbo_Chongo
Mkuu wewe ni wakili wake? Anakulipa kwa fremu au kwa msimu?

Mpiga_Brek
Ananilipa kwa mkono.

Pembetatu
🤣🤣🤣 uzi umefungwa

Kingo_Baridi
Nyeusi kusukumwa ni cha mtoto. Kuna huyu mwingine, naye mnamjua, anayepanga mipira ya mpinzani kwa makusudi ikiwa imelegea. Anaweka nyeusi katikati ya mstari wa tatu vizuri, mpira wa mbele kwenye alama vizuri, kona mbili za nyuma mmoja wa kundi la mistari na mmoja wa kundi la rangi nzima vizuri, halafu anainua pembetatu kwa kuivuta nyuma ili mstari wa pili uachie uwazi. Uwazi wa unene wa karatasi unatosha. Brek (pigo la kwanza la kutawanya mipira) inakufa, mipira inarundikana upande mmoja, na ile mipira 4 inayotakiwa kugusa kingo za meza kama hakuna uliozama haipatikani.

Dawa: kabla ya kupiga brek, sogea, chungulia kwa usawa wa meza. Ukiona mwanga kati ya mpira wa kwanza na wa pili, mwambie apange upya. Ni haki yako, si matusi.

Mzee_wa_Faulo
Hilo nakubali kwa asilimia mia. Na kitambaa kikishachimbika pale kwenye alama, mipira haigandi hata apange malaika. Gonga kila mpira kwa juu taratibu na mpira mwingine ujikalie kwenye kishimo chake.

Kona_Nne
Mzee, kugonga mipira kunachimba kitambaa zaidi. Ndiyo sababu kimechimbika!

Mzee_wa_Faulo
Kumbe kitambaa ni chako?

Dada_Chaki
Mimi hasira zangu ziko kwa wanaojifanya dhaifu. Ligi za madaraja kama APA kwenye eight-ball (mchezo huu wetu wa nyeusi) zinampa mchezaji daraja 2 hadi 7, 7 ndiye mkali zaidi, na timu inapanga wachezaji 5 ambao jumla yao haizidi 23. Sasa kuna kepteni (mnamjua!) ana mtu wa daraja 3 anayesafisha meza akiwa amefumba jicho. Anabaki 3 kwa sababu anakosa mipira ya wazi kwa makusudi kuongeza zamu, maana mwenye zamu nyingi huonekana dhaifu, na kepteni anaandika kila kosa kama jaribio la kweli, wakati alikuwa anajificha tu.

Mkabidhini mwenye kuandika kazi ya kutofautisha. Mchezaji ambaye hakulenga shimo lolote, ameiacha nyeupe nyuma ya mpira wako, huyo amecheza kujilinda. Iandikwe hivyo, isihesabiwe kuwa amekosa. Karatasi za timu zote mbili zilinganishwe fremu kwa fremu. Mkisubiri usiku mzima uishe mtapigwa.

Nyeupe_Nzito
Mnasema madaraja wakati meza zenyewe haziko sawa? Nyeupe ya meza nyingi za sarafu si sawa na mingine: ama ni kubwa zaidi, ama ni ndogo, ama ina chuma ndani, ili meza iitambue na kuirudisha. Ikiwa nzito kuliko mipira mingine hairudi nyuma ukiipiga chini, inataka kwenda mbele tu. Ikiwa nyepesi inarudi mpaka inakuzamia upande wako. Ligi inayobadilisha meza kila wiki bila kuangalia nyeupe inacheza bahati nasibu. Kabla ya mechi iweke kando ya mpira mwingine juu ya meza, uangalie vimo.

Fimbo_Chongo
Jamani, turudi kwenye MKONO. Nyeusi ilikuwa nusu shibiri kutoka shimoni. Ilikuwa inapumua!

Mpiga_Brek
Mkuu, ilikuwa nusu shibiri kutoka shimoni na mpinzani ana nyeupe mkononi na mipira 4. Anamaliza 4, anaigusa nyeusi kwa pumzi. Mlikuwa mmepoteza kwa njia zote.

Kona_Nne
Si lazima. Mipira 4 mezani ni nafasi 4 za kukosea. Tena kama mipira yenu yote imeshatoka, meza ni tupu, hana pa kujificha.

Kingo_Baridi
Turudi kwenye mambo ya maana. Mpira ukiwa umegusana na kingo, je, ukiupiga ukagonga kingo ileile inahesabika kuwa mpira umefika kingo, isiwe faulo?

Kona_Nne
Hapana, kama mlitangaza mapema kwamba umegusana. Lazima uzame, au uiache kingo ile kisha uirudie, au ufike kingo nyingine, au nyeupe ifike kingo baada ya kugonga, au mpira mwingine wowote ufanye hivyo. Kama hakuna aliyetangaza kabla ya pigo, unahesabiwa kuwa haukuwa umegusana. Mnaruka hatua hii halafu mnaleta nyuzi.

Dada_Chaki
Na nyeupe ikiwa karibu na mpira mwingine kiasi cha unene wa chaki, muiteni mtu aangalie KABLA. Ikiondoka sambamba na mpira, kwa kasi ileile, fimbo imeigusa mara mbili. Hakuna haja ya kuapa.

Nyeupe_Nzito
Tukiongelea chaki, nani huyu anayeiacha juu ya kingo uso ukiangalia chini? Inapaka kingo, kingo inapaka mkono, mkono unapaka kitambaa, halafu mnalalamika mipira inapinda. Chaki ikae uso juu, au mfukoni.

Mzee_wa_Faulo
Mfukoni inaharibu suruali.

Pembetatu
Na wale wa poda ya mtoto? Mkono mmoja tu ukipita, kitambaa kizima kinakuwa kama kimepakwa unga.

Dada_Chaki
Glavu ya vidole vitatu, Pembetatu. Poda ipigwe marufuku, iandikwe kwenye karatasi, kipengele cha kwanza.

Nyeupe_Nzito
Cha pili. Cha kwanza kiwe chaki.