Rupia za Mjerumani zenye A na J, ipi ina hela?

korosho_mtwara: Wakuu habari za jioni, niko huku Masasi. Marehemu bibi kaacha kopo la sarafu za zamani, kuna rupia mbili zimeandikwa Deutsch Ostafrika, moja 1910 ina ka-herufi J na nyingine 1911 ina A, kuna moja ya 1892 ina simba na mnazi ila haina herufi yoyote, halafu kuna dude kubwa la mwanamke limeandikwa 1780. Dalali kaja toka Dar anasema yenye J ni ya mamilioni, za A hazina kitu na hiyo ya simba ni feki kwa vile haina herufi, tena anataka laki mbili ya "vipimo" kwanza. Wajuzi naomba msaada kabla sijatoa hela ya watu.

MzeeShangani: Laki mbili ya vipimo? Usimpe hata nauli.
Herufi ni kiwanda tu mjukuu wangu, A ni Berlin, J ni Hamburg. Hamna mamilioni ndani ya herufi. Wanunuzi wa kweli wanaangalia mwaka na herufi kwa pamoja, maana mwaka mmoja unaweza kutolewa na viwanda vyote viwili kwa idadi tofauti, halafu ndo wanaangalia hali ya sarafu, masharubu ya Kaiser (mfalme wa Wajerumani) bado yanaonekana au yamelika. Hiyo ya simba usiitupe, ni ya kampuni ya Wajerumani kabla serikali yao haijaanza kutoa zake 1904, hizo kweli hazikuwekwa herufi. Ungekuwa na ya rupia 2 ya 1893 au 1894 hapo ningekwambia kaa chini tuongee.

fundi_fedha_lindi: Mi ni sonara, naongeza la mizani. Rupia moja ya Mjerumani ni gramu 11.66 na fedha yake ni 917 kwa elfu, so ndani kuna kama gramu 10.7 za fedha safi, zidisha na bei ya gramu ya siku hiyo, chini ya hapo usiuze kwa mtu yeyote hata kwangu. Ikilika sana itapungua kidogo ila ikisoma 9 shtuka. Angalia pembeni, original ina mistari midogo imejipanga vizuri kuzunguka yote, feki ya kumimina utaona mshono na vitundu vitundu kama uso wa chapati. Sumaku isishike. Na tafadhali msisugue na ndimu na majivu!! Watu wananiletea sarafu inang'aa kama sufuria wakati ule weusi ndo mnunuzi anautaka.

korosho_mtwara: Asante sana. Jamaa alisema inavuta mchele ndo dalili ya original.

MzeeShangani: Fedha haivuti mchele wala wembe. Hizo hadithi zimefilisi watu Nachingwea mpaka Newala, mtu anauza shamba la mikorosho anunue rupia.
Yenye hela kweli ni ya T, hiyo ni Tabora, 1916, Mwingereza kafunga bahari ikabidi wagonge wenyewe kwenye karakana ya reli. Ila hata hapo ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na feki zake ni nyingi kuliko tembo wenyewe. Heller 20 (chenji ndogo za Mjerumani) za shaba zenye T zipo za kutosha.

binti_kivinje: Hiyo ya mwanamke ni Maria Theresa, malkia wa Austria, usidanganyike na 1780, zilizogongwa baada ya kifo chake zote zina mwaka huo, hata za miaka mia na zaidi baadae, na herufi S.F. utakazoziona juu yake sio kiwanda. Gramu 28, fedha 833, kwa hiyo kwa uzito inaizidi rupia mara mbili. Halafu kwa wenzangu wa Kilwa, vile visarafu vya shaba vya masultani vyenye Kiarabu msiuze, kitu kilichotengenezwa hapa kabla ya 1863 kinalindwa na sheria ya mambo ya kale.

fundi_fedha_lindi: Na zile shilingi za simba za Mwingereza zenye H au SA msisumbuke nazo sana, fedha robo tu, na toka 1948 hamna kabisa.

korosho_mtwara: Nimempigia dalali nikamwambia twende kwa sonara tupime wote tukiwepo. Kakata simu, sahizi hapatikani.

MzeeShangani: Weka picha ya hiyo 1892 pande zote mbili, juani, bila flashi.