Mabakuli ya mwembe yananipasukia, naombeni ushauri

Fundi_Mgeni: Wakuu, habari zenu. Nakereza mabakuli kwa kerezo la mguu, mashine ya kuzungusha mti kwa kukanyaga, bila umeme. Jioni nayatoa mazuri kabisa, asubuhi nayakuta yamepasuka kuanzia kitako hadi mdomoni. Gundi gani itavumilia supu ya moto? Usingizi sina.

Mama Vinu: Pole mwanangu. Hamia kwenye vinu. Mimi nimesomesha watoto watatu kwa kinu na mchi.

Tupa Butu: Babu yangu Lamu alikereza miguu ya vitanda kwa uta, mkono mmoja unavuta, wa pili na kidole cha mguu vimeshika patasi. Akimaliza anasugua kwa majani ya msasa. Hakujua gundi. Vijana hamna subira.

Seremala Mtoni: Fundi, gogo ulilipasua katikati kwanza, au umelikatakata kama muhogo?

Fundi_Mgeni: Mti ni mbichi, inavyotakiwa. Nimeuliza gundi.

Seremala Mtoni: Kiini cha mti kiko wapi?

Fundi_Mgeni: Katikati ya kitako. Lakini nisikilizeni. Mwembe wenyewe mwembamba, nikipasua napata inchi 6. Mteja anataka 10, ameshalipa nusu ya mabakuli 40, na hela imeishia kwa mhunzi na ada ya mtoto. Nikiyaacha manene si yatapona?

Seremala Mtoni: Hayaponi. Mti ukikauka husinyaa kufuata zile duara zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini. Kiini kikiwemo, lazima mti upasuke mahali.

Mzee wa Kahawa: Wakuu, hii chai. Kerezo la mguu linakwenda na kurudi, bakuli limebanwa huku na huku. Ndani anachimbaje?

Fundi_Mgeni: Si chai, mzee wangu. Kamba inazunguka mhimili mara mbili, juu nimeifunga kwenye mwanzi, chini kwenye ubao wa kukanyaga. Mhimili una misumari inayoshika upande wa mdomo. Nikikanyaga, chuma kinakula. Nikiachia, mwanzi unarudisha, nami navuta chuma nyuma kidogo. Ndani natumia ndoano iliyofuliwa kwa springi ya gari, ncha imepinda kama ukucha wa dole gumba. Inazunguka kikonyo kinachobaki katikati, mwisho nakivunja kwa mkono. George Lailey, mkereza mabakuli wa Uingereza aliyefariki 1958, alitoa bakuli ndani ya bakuli kwa ndoano hivi hivi.

Mzee wa Kahawa: Hapo kwenye kikonyo nimekuamini. Niwie radhi.

Mama Vinu: Mteja umemwambia?

Fundi_Mgeni: Ni shemeji yangu, harusi iko karibu. Nitapasua gogo moja nijaribu. Vipande 11 nimeshavikata.

Seremala Mtoni: Hivyo 11 navyo vipasue leo, ondoa kiini chote. Paka nta kwenye ncha, fukia kwenye maranda kivulini. Shemeji mpigie kabla hujakanyaga ubao.

Fundi_Mgeni: Nampigia jioni.

Tupa Butu: Sasa hivi.