Vitu vya Mfukoni mwa Idrisa

Kikundi: Ukoo Wetu, Tabora na Ujiji
Jumamosi, kuanzia saa moja usiku

Idrisa: Shikamoo Babu, shikamooni Shangazi na Baba Mdogo. Nina jambo ambalo ningependa tulizungumze hapa badala ya kila mtu kunipigia simu kivyake. Kama mnavyojua, juma lililopita nilikuwa kwenye treni nikienda Kigoma kwa kazi ya kufunga nyaya. Kaliua nilishuka usiku kununua maji, na niliporudi kwenye behewa nikakuta tochi yangu ndogo haimo tena mfukoni. Nilipofika Kigoma ndipo nikagundua kwamba hata tesita, ile ya kupimia umeme, sina, na hadi leo sijui kama niliiangusha njiani au niliiacha nyumbani. Tangu nirudi nimeweka kwenye simu programu ya kuorodhesha vitu ninavyobeba kila siku, na nataka kujua kama mnaona ni jambo la maana au ninapoteza muda.

Shangazi: Marahaba mwanangu, na pole kwa tochi. Nimesoma mara mbili na bado sijaamini. Mfuko wa suruali siku hizi unahitaji karani?

Baba Mdogo: Marahaba Idrisa. Mimi swali langu ni fupi. Hiyo programu itaniambia miwani yangu iko wapi? Kama itaniambia, nitumie leo hii.

Zuhura: Shikamoo Baba Mdogo. Haitakuambia. Programu aliyoiweka Idrisa ni daftari tu: inajua kwamba una miwani, uliinunua lini na kwa bei gani, lakini haijui umeiweka wapi. Kinachosaidia kutafuta kitu kilichopotea ni kile kidude cha kuning'iniza kwenye funguo, mfano wa AirTag ambayo Apple waliitoa mwaka 2021. Nacho hakizungumzi na setelaiti yoyote. Kinatoa mawimbi ya redio ya masafa mafupi, na simu za iPhone zinazopita karibu huyanasa na kumpelekea mwenye kitu habari za mahali kilipo. Kariakoo simu hizo zinapita kila dakika. Kaliua saa nane usiku sijui angepita nani.

Baba Mdogo: Basi miwani nitaendelea kuitafuta kwa kupapasa.

Idrisa: Naomba nieleze nilivyofanya. Jumatatu jioni nilitandika mkeka sebuleni, nikatoa kila kitu kilichokuwa mifukoni na kwenye kile kibegi cha kiunoni, nikavipanga kimoja kimoja: simu, pochi, kitambulisho, tochi mpya, visu vya kukunja, plaizi ndogo yenye bisibisi ndani yake, tesita mpya, tepu ya umeme, pawabenki na waya wake, futi ya kuvuta, kalamu mbili, leso, vidonge vya maumivu, na vingine ambavyo naona aibu kuvitaja. Vilifika 23. Programu inataka kila kimoja kipigwe picha, kiandikwe jina, bei, tarehe ya kununuliwa na uzito. Uzito sikuwa na namna ya kuujua, kwa hiyo nikavipeleka dukani kwa jirani, akavipima kwenye mizani ya sukari huku wateja wakinicheka. Ukiacha simu, vilikuwa kilo 1 na gramu 340, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini suruali zangu zote huanza kuchanika upande wa kulia. Nilijikuta pia nina visu viwili vinavyofanya kazi ile ile, na funguo tatu nisizojua zinafungua nini. Natuma picha ya funguo hizo. Huenda yupo anayezitambua.

[Picha: funguo tatu juu ya mkeka]

Shangazi: Idrisa! Huo wenye uzi mwekundu ni ufunguo wa stoo yangu ya vitambaa hapa Isevya. Mwaka jana, siku ya tatu ya Ramadhani, tuliutafuta mchana kutwa tukiwa na saumu zetu, tukachambua hadi pipa la taka, na mwishowe nikamlipa fundi 5,000 akakata kufuli kwa msumeno wa chuma. Kumbe ulikuwa ukitembea nao Tabora nzima!

Idrisa: Nisamehe sana Shangazi. Nilidhani ni wa geti la zamani. Ila naomba ikumbukwe kwamba umepatikana kwa sababu ya programu.

Shangazi: Umepatikana kwa sababu ya mkeka. Programu imekuja baadaye.

Babu: Marahaba wajukuu. Nimechelewa kwa kuwa nilikuwa msikitini. Kwanza, sisi wa Tabora tusione kuhesabu mizigo kuwa jambo geni lililoletwa na simu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kuja Unyanyembe, yaani hapa Tabora, na kuendelea hadi Ujiji ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Mzigo ulipimwa, ukafungwa, ukakabidhiwa mtu wake. Asubuhi ukibaki mmoja chini bila mtu, ilijulikana papo hapo kwamba kuna aliyetoroka usiku. Lakini angalieni kwamba hesabu hiyo ilifanyika mizigo ikiwa mbele ya macho na msafara ukiwa haujaondoka. Idrisa, wewe ulihesabu Jumatatu. Leo Jumamosi umehesabu?

Idrisa: Hapana Babu.

Babu: Na vyote 23 viko mahali pake?

Idrisa: Plaizi nilimwazima jirani wa pikipiki siku ya Jumatano. Programu bado inasema iko kwenye kibegi.

Zuhura: Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipokuwa, na sisemi hivi ili kumvunja moyo mdogo wangu. Pale ghalani ninapofanya kazi tunatunza pembejeo za wakulima wa tumbaku, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba kitu kikitoka kiandikwe kabla mkokoteni haujavuka mlango. Ukisema utaandika jioni, jioni unaandika unachokumbuka, na mwisho wa mwezi daftari lina mifuko 40 wakati sakafuni iko 36. Ghala lina mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Mfuko wa Idrisa hauna mtu huyo, na vitu vyake vinatoka na kuingia mara nyingi kuliko mbolea yetu: kalamu inaazimwa benki, tepu inaisha, leso inafuliwa. Orodha iliyopitwa na wakati ina hatari ambayo kutokuwa na orodha hakuna, kwa sababu mtu anaiamini. Ungekuwa na programu hiyo juma lililopita, ungeisoma kitandani, ukaona tesita imo, ukalala vizuri na kuondoka bila tesita.

Idrisa: Hilo nalikubali. Lakini Dada, si kila kitu kinatoka na kuingia. Pawabenki haitoki.

Baba Mdogo: Mimi naomba nieleze tunavyofanya huku Kibirizi, Kigoma, kwa sababu ziwani ukisahau kitu huwezi kurudi kukichukua. Kabla boti haijasukumwa kila mtu anagusa chake na kukitaja kwa sauti: taa, betri, kisu, nailoni, simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Anayetaja bila kugusa tunamrudisha aanze upya, hata awe mzee kuliko nahodha. Inachukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara. Kwa vitu vya mkononi sihitaji zaidi ya hapo. Lakini kuna mahali mkono ulinishinda, nami nitasema kweli. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, nilipeleka taa na betri zangu nyumbani Ujiji, nikazifunika turubai, nikasahau. Betri hizi zenye asidi zikikaa miezi mitatu bila kuchajiwa zinaharibika ndani kwa ndani. Siku ya kufunguliwa nilizigusa zote na kuzitaja zote, zilikuwepo zote, na mbili kati yake zilikuwa zimekufa. Kugusa kunakuambia kitu kipo; hakukuambii ulikichaji lini. Kama programu inaweza kunipigia kengele kila mwezi ili nichaji betri, mimi hiyo sehemu ninaitaka.

Idrisa: Inaweza, Baba Mdogo. Unaweka tarehe, na inakukumbusha. Tochi yangu nimeiwekea, na leseni ya udereva pia.

Zuhura: Kengele ya simu yako ya kawaida nayo inaweza, bila kupima chochote kwenye mizani ya sukari. Ila nakubali kwamba kuna habari za vitu ambazo mkono hauzijui, na hizo ndizo zinazostahili kuandikwa. Ya kwanza ni risiti. Risiti za mashine huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na joto hilo hilo la mfukoni au la dashibodi ya gari linazifuta. Idrisa, chukua risiti ya tesita yako ya kwanza uone.

Idrisa: Imebaki nyeupe kabisa. Linaonekana neno moja la juu na nusu ya jumla.

Zuhura: Ndiyo maana ulipoirudisha ile iliyokuwa mbovu mwuzaji alikukatalia. Ipige picha siku ile ile unayonunua. Ya pili ni namba ya utambulisho wa simu yenyewe, IMEI, si ile ya kupigia. Tangu Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchini, karibu kila mtu alijifunza kubonyeza *#06# na kuziona zile tarakimu 15, lakini waulize leo wameziandika wapi. Wengi watakuambia wameziandika ndani ya simu hiyo hiyo. Ya tatu ni pawabenki. Nilipokuwa nikienda Dar es Salaam kwa ndege mwezi uliopita, mkaguzi aliniuliza uwezo wake, na maandishi yalikuwa yamefutika kwa kusuguana na funguo. Kikomo cha kawaida ndani ya ndege ni wati-saa 100, tena iwe kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye sanduku la chini. Yangu ni ya mAh 20,000 kwa volti 3.7, ukizidisha na kugawa kwa 1,000 unapata 74, kwa hiyo ilikuwa halali. Lakini sikuwa na picha ya maandishi yale, nikaiacha pale. Ningekuwa nimeiandika mahali ningeonyesha.

Babu: Je, programu yenyewe imeomba ruhusa gani ilipoingia kwenye simu yako?

Idrisa: Imeomba kamera, mahali nilipo, na orodha ya majina ya watu wangu.

Babu: Kamera naielewa, kwa sababu kuna picha. Orodha ya visu na kalamu inataka majina ya ndugu zako kwa kazi gani? Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka. Sheria haiwezi kukaa kwenye kidole chako kila unapobonyeza "kubali". Ondoa ruhusa hizo mbili usiku huu.

Shangazi: Nami naongeza la kwangu, Baba. Mtoto ameandika kila kitu cha thamani alicho nacho, kwa picha na bei, akakiweka ndani ya kitu ambacho vibaka wanakitamani kuliko vyote. Akiibiwa simu, mwizi amepewa na orodha ya kurudia.

Idrisa: Programu ina namba ya siri, Shangazi.

Shangazi: Namba hiyo ni mwaka wako wa kuzaliwa?

Idrisa: Nitaibadilisha.

Shangazi: Mimi mkasi wangu mkubwa nimeufunga kwa kamba kwenye mguu wa cherehani, na hauna picha wala uzito. Vipimo vya wateja viko kwenye kaunta buku, ukurasa kwa kila mteja, na huwa naviandika futi ikiwa bado iko kiunoni mwake. Sipingi kuandika, maana ndiyo kazi yangu. Ninachopinga ni kuandika leso.

Idrisa: Basi nimewasikia, na nimeamua hivi. Kati ya vile 23 nitabakiza saba kwenye orodha: simu, tochi, tesita, plaizi, pawabenki, kitambulisho na leseni. Kila kimoja kitakuwa na picha ya risiti au ya namba yake, na vinavyochajiwa au kuisha muda vitakuwa na tarehe. Bei nazifuta. Hata hiyo programu naona naweza kuiacha, kwa sababu vitu saba vinatosha kwenye ujumbe ninaojiandikia mwenyewe WhatsApp. Vingine nitavigusa mlangoni kama Baba Mdogo, nikivitaja kwa sauti, na wapangaji wenzangu wakicheka nitawavumilia. Kisu kimoja nitampa Zuhura.

Zuhura: Nipe chenye ncha butu, nitakatia kamba za magunia.

Baba Mdogo: Idrisa, nami niwekee hiyo kengele ya betri utakapokuja tena Kigoma. Iwe tarehe za mbalamwezi, kwa sababu siku hizo dagaa hawafuati taa na tunakuwa nchi kavu, kwa hiyo nitakuwa na nafasi.

Idrisa: Nitaweka, Baba Mdogo. Mbalamwezi inahamahama kwenye kalenda, lakini nitakuwekea ya miezi sita kwa mkono.

Babu: Na zile tarakimu 15 za simu zetu ziandikwe mahali pamoja ambapo si ndani ya simu.

Shangazi: Ziletwe kwangu, kurasa za mwisho za kaunta buku ziko wazi. Msizitume hapa kikundini. Nipigieni kesho baada ya adhuhuri, mnisomee polepole, nami nitawasomea tena. Isipokuwa wewe Idrisa, wewe njoo mwenyewe, tena na ufunguo wenye uzi mwekundu. Makufuli yale niliyanunua mawili ya ufunguo mmoja, na la pili bado liko kwenye banda la kuku, ambako tangu mwaka jana tunaingia kwa dirisha.