Mbio za baiskeli za milimani: mshiriki wa ridhaa apimwe pufya au aachwe?

Wadau wa baiskeli, salaam.

Mbio za milimani na za njia za vumbi zinaongezeka kwetu. Kenya wana 10to4, ambayo Mount Kenya Trust huiandaa kuchangisha fedha za kuhifadhi Mlima Kenya, na wana Migration Gravel Race upande wa Maasai Mara. Rwanda walipokea mashindano ya dunia ya barabarani pale Kigali Septemba 2025, na vijana wengi wamepata hamu. Kila penye mbio hizi, wanaojaa kwenye mstari wa kuanzia ni watu wa ridhaa: mwalimu, dereva wa bodaboda, mfanyakazi wa benki, kijana anayepeleka maziwa mjini alfajiri. Sasa nauliza: hawa nao watoe mkojo wapimwe pufya, yaani dawa za kusisimua misuli? Na baiskeli zao zikaguliwe kwa kiasi gani?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga asisumbuke kuutafuta. Mpaka uwekwe kwenye zawadi, usiwekwe kwenye leseni. Anayejiandikisha kugombea fedha apimwe na baiskeli yake ikaguliwe kikamilifu, hata kama hajawahi kuvaa jezi ya taifa. Asiyegombea fedha aachwe aendeshe, mradi ana kofia ngumu kichwani na breki zinazoshika.

Nasema hivi kwa sababu kanuni za dunia zimemtazama mtu wa ridhaa wa mahali pengine. Kanuni za Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni, WADA, zilizoanza kutumika 2021, zimeweka kundi la mchezaji wa kujiburudisha. Huyu analegezewa. Akionyesha kwamba uzembe wake haukuwa mkubwa, adhabu yake inaweza kuishia kwenye onyo, na haivuki miaka 2. Si lazima jina lake litangazwe. Anaweza hata kuomba kibali cha matibabu, yaani ruhusa ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa, baada ya kupimwa, jambo ambalo mchezaji wa juu hulipata kwa nadra sana. Anayekosa nafuu hiyo ni yule ambaye ndani ya miaka 5 iliyopita alikuwa mchezaji wa ngazi ya taifa au ya kimataifa.

Kwa daktari wa meno wa Zurich anayeendesha Jumapili ili apunguze tumbo, utaratibu huo una busara. Akishinda anapata medali na picha. Kwetu, kijana wa Shinyanga au Eldoret asiye na leseni yoyote anaweza kushinda zawadi inayozidi kipato chake cha miezi. Kwenye karatasi anaitwa wa kujiburudisha, lakini ile fedha ni ada ya shule ya mdogo wake. Akiibiwa nafasi na mtu aliyejidunga, kilichoibiwa ni chakula. Naona uchungu kila ninaposikia watu wakisema "ni mbio za ridhaa tu, nani atajisumbua".

Watu hujisumbua, tena hata pasipo na fedha ya maana. Mwaka 2012 kwenye Gran Fondo New York, mbio wanazoingia maelfu ya watu wa kawaida, wawili walikutwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Na mwaka 2017, kwenye mbio ndogo za Dordogne, Ufaransa, mwendeshaji wa ridhaa mwenye umri wa miaka 43 alikamatwa na mota ndani ya baiskeli yake. Shirikisho la Ufaransa likamfungia miaka 5. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Femke Van den Driessche wa Ubelgiji ndiye aliyekuwa wa kwanza kukutwa na baiskeli ya mota kwenye mashindano ya dunia ya cyclocross, mbio za baiskeli za kwenye matope na vizuizi, akafungiwa miaka 6 na kutozwa faini ya faranga 20,000 za Uswisi. Yeye alikuwa akigombea ubingwa wa dunia. Yule wa Dordogne alikuwa akigombea nini?

Kuhusu vifaa vingine, mimi ni wa kuacha watu huru. Kuna wanaodai tuweke ukomo wa bei, au tupige marufuku fremu za kaboni na shokapu za nyuma, kwa kuwa baiskeli moja ya kisasa ya milimani inaweza kununua bodaboda kadhaa mpya. Hasira hiyo naielewa. Lakini nani atapima bei? Baiskeli ya mtumba iliyotoka Ulaya haina risiti, na kijana aliyepewa fremu nzuri na mfadhili asiadhibiwe kwa kupata bahati. Dawa ya tofauti hiyo ni kuwa na daraja la baiskeli zisizo na shokapu ya nyuma, lenye zawadi yake kamili, si bahasha ya kufuta machozi.

Karibuni.

Muuguzi, Mwanza:

Ndugu mleta mada, nakuunga mkono kwa EPO na mota. Ila umepita haraka kwenye dawa za kawaida, na huko ndiko watu wako watakakoumia.

Chukua pumu. Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa, mwisho maikrogramu 1,600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa 8 zozote. Salbutamol ya vidonge imekatazwa wakati wote. Vidonge ndivyo vya bei nafuu na ndivyo vinavyopatikana duka la dawa la mtaani. Inhela wengi hawaimudu. Kwa hiyo wenye pumu wawili, wanaumwa sawa, mmoja ana fedha ya inhela yuko salama, mwenzake aliyemeza kidonge ana kosa. Huoni kama kanuni inampiga maskini?

Endelea na wazee wetu wa klabu wenye presha. Hydrochlorothiazide, kile kidonge cha kukojoza maji, kiko kwenye orodha ya WADA ya dawa zilizokatazwa wakati wote, kwa sababu wadanganyifu hukitumia kuficha dawa nyingine. Insulini ya kisukari nayo inahitaji kibali. Prednisolone ya vidonge, ile dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, hairuhusiwi siku ya mbio, na tangu 2022 sindano zote za jamii hiyo haziruhusiwi siku hiyo pia. Tramadol, ambayo watu humeza kwa maumivu ya mgongo kama pipi, WADA waliikataza siku za mashindano kuanzia Januari 2024; mchezo wenu wa baiskeli uliikataza mapema zaidi, 2019. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zina kiwango chake kwenye mkojo, mikrogramu 150 kwa mililita. Nani kati ya waandaaji wenu amewahi kuwaambia washiriki haya kabla ya kupokea fedha yao ya kujiandikisha?

Kuna mzee wa Marekani wa miaka 90, alipimwa mwaka 2018 baada ya kuweka rekodi ya umri wake kwenye uwanja wa baiskeli. Akakutwa na trenbolone, dawa ya kujenga misuli. Wachunguzi wa huko wakaona kwamba kuna uwezekano mkubwa chanzo kilikuwa nyama aliyokula usiku wa kuamkia mbio. Alipewa onyo la hadharani, na matokeo ya siku hiyo yakafutwa. Mzee wa miaka 90! Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa na sampuli nyingine safi.

Mwendeshaji, Nairobi:

Mimi napinga, na napinga kabisa. Kenya tuna ADAK, wakala wetu wa kupambana na pufya, chini ya sheria ya 2016. Kazi waliyonayo kwa wanariadha wa mbio za miguu pekee tunaijua sote, magazeti yanatujuza kila mwezi. Unataka waje pia kumkimbiza mtu wa ridhaa porini? Sampuli moja kuipima ni mamia ya dola, na sampuli za mkojo inabidi zisafirishwe nje ya Afrika Mashariki kwenye maabara iliyoidhinishwa. Hela hiyo nunua ambulensi ya kusimama njiani. Agosti 2022 tulimpoteza Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki, kwa ajali kwenye mbio za vumbi kule Vermont, Marekani. Kilichotuua moyo sisi si pufya. Mimi nikiona mteremko wa mawe usio na mtu wa huduma ya kwanza kwa kilomita nyingi, halafu niambiwe bajeti imeenda kwenye chupa za mkojo, nitakasirika.

Jambo la pili ni utetezi. Chris Froome, yule mwendeshaji maarufu wa kulipwa, alizaliwa hapa Nairobi na akafundwa na kocha David Kinjah pale Kikuyu, kwenye baiskeli za milimani. Mwaka 2017 kwenye Vuelta, mbio kubwa za Uhispania, alikutwa na salbutamol nanogramu 2,000 kwa mililita ya mkojo, mara mbili ya kiwango cha 1,000. Alisafishwa Julai 2018, baada ya miezi ya mawakili na wanasayansi kuchambua mkojo wake. Sisemi alikosea, alisafishwa na yameisha. Ninachouliza ni hiki: vijana wanaojifunza kwa Kinjah leo, kwenye baiskeli zilizokarabatiwa, yakiwakuta hayo hayo nani atawalipia mwanasayansi? Ukisema mpaka uwe kwenye zawadi, unamwondolea maskini nafuu ile ile ya WADA uliyoieleza, na tajiri asiyejali zawadi unamwachia. Umepindua haki, ndugu yangu.

Fundi baiskeli, Moshi:

Naongelea vifaa tu. Mota si jambo la kuhitaji mashine ya eksirei. UCI, shirikisho la dunia la baiskeli, wanayo, sawa, na wana vishikwambi vya kupima sumaku. Lakini aina ya zamani, inayokaa ndani ya bomba la siti na kuzungusha ekseli ya pedali, unaijua kwa kuchomoa nguzo ya siti na kumulika kwa tochi ya simu. Inyanyue baiskeli, izungushe pedali nyuma na mbele, usikilize. Aina hiyo huongeza karibu kilo 2, na betri yake lazima ikae mahali: ndani ya chupa ya maji, kwenye kimfuko cha chini ya siti. Fundi mzoefu hahitaji muda mrefu kwa baiskeli moja. Wakague watano wa kwanza wakifika, kabla hawajaenda kuoga.

Hatari ninayoiona kila siku karakana ni breki. Watu wanashuka milima na pedi zilizobaki chuma kwa chuma, mafuta ya breki yamechemka, tairi lina ufa ubavuni. Huyo akianguka anawaangusha na wengine. Mleta mada umesema breki zishike. Weka nguvu hapo. Asiyepita ukaguzi asianze, hata kama amelipa na amesafiri kutoka Dodoma.

Mleta mada:

Nashukuru. Nianze na kaka wa Nairobi, maana hoja yake ndiyo nzito.

Nafuu ya WADA sitaki kumwondolea mtu. Mamlaka ya kumweka mtu kundi fulani ni ya wakala wa nchi, si ya mwandaaji, na mwenye uzembe mdogo aendelee kupata onyo badala ya kufungiwa. Ninachotaka kiwekwe kwenye zawadi ni kupimwa kwenyewe: nani aitwe kwenye hema la mkojo. Washindi wa kila daraja wenye fedha mkononi, basi. Hizo ni sampuli chache, si mamia. Na fedha ya zawadi isubiri majibu, ikae kwa mwandaaji kwa maandishi yaliyosainiwa, ili wa pili asije kuambiwa baada ya miezi minne kwamba kumbe alishinda lakini mwenzake ameshaitumia. Kama bajeti inatosha ambulensi au sampuli, kimoja tu, basi ambulensi, na zawadi ya fedha ipunguzwe mpaka vyote viwili viwezekane. Mwandaaji anayeweza kuahidi mamilioni kwa mshindi hawezi kuniambia hana fedha ya kuhakikisha mshindi ni wa kweli.

Dada muuguzi, la vidonge vya salbutamol limenigusa sana. Napendekeza fomu ya kujiandikisha iwe na ukurasa mmoja kwa Kiswahili: unatumia dawa gani, za nini, umezipata wapi. Ipitiwe na mhudumu wa afya wiki kadhaa kabla ya mbio, mwenye pumu apigiwe simu aelekezwe, na klabu imnunulie inhela. Anayetumia dawa ya presha na hataki kuhangaika na kibali aingie daraja lisilo na fedha, apewe medali yake na heshima zote. Maelezo hayo yasitoke nje ya mhudumu huyo, kwa kuwa magonjwa ya watu si habari ya kijiweni.

Fundi, la kuwakagua watano wa kwanza nimelichukua kama lilivyo.

Kuna moja sijaona mtu akiligusa, nalo ni letu wenyewe. Miraa, yaani mirungi. Ndani yake mna cathine, kemikali ya kuchangamsha, na cathine iko kwenye orodha siku ya mbio ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Tanzania mirungi ni haramu kisheria, kwa hiyo hakuna mjadala. Lakini Meru, chini ya Mlima Kenya, ni zao halali, linalimwa, linatafunwa, linasomesha watoto. Mwendeshaji wa huko aliyetafuna usiku akizungumza na wazee, asubuhi akashinda mbio kwenye mlima wake mwenyewe, tumwambie nini? Mimi naona aambiwe mapema, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba akigombea fedha aache kutafuna siku kadhaa kabla. Wa Meru, mko hapa? Hilo mngelikubali?