Naomba ushauri: vioo vya praksinoskopu kwa wanafunzi

Habari zenu wakuu. Nafundisha sanaa shule ya msingi, na nataka watoto wajue picha zilivyochezeshwa kabla ya sinema. Tumeshatengeneza zoetropu, chombo alichokibuni Mwingereza William Horner mwaka 1834: kopo la rangi lenye matundu membamba ubavuni, ndani yake ukanda wa michoro 12. Linazunguka vizuri ila picha ni hafifu, maana mwanga unaopita kwenye matundu ni kidogo.

Émile Reynaud wa Ufaransa alilitatua hilo mwaka 1877 kwa praksinoskopu, chombo tunachotaka kutengeneza sasa. Aliondoa matundu akapanga vioo katikati, kila mchoro na kioo chake. Mwaka 1892 tayari alikuwa akionyesha katuni mbele ya watazamaji Paris, miaka 3 kabla ya maonyesho ya sinema ya ndugu wawili akina Lumière. Kwa kweli anastahili kutajwa zaidi!

Sasa wenye uzoefu nisaidieni. Vioo vya fundi vina kingo kali, naogopa watoto wasijikate. Kuna plastiki ya kuakisi isiyopinda taswira? Pia nimepanga vioo vikae nusu ya njia kati ya kitovu na ukanda, ili taswira itulie katikati. Vipimo hivyo viko sawa?