Dawa za maumivu zinatuua kimya kimya: kosa ni la duka la dawa au ni la kalamu ya daktari?

Mleta mada (Ilemela):

Wakuu salama? Naomba hii tuiongee kwa uzito wake. Kila kona hapa Mwanza nasikia hoja moja, kwenye daladala, msibani, hata saluni, kwamba hizi dawa za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na ndugu zake, zipigwe marufuku kuuzwa dukani bila cheti na yataisha. Mi naona tumemkamata siye. Mama yangu mdogo hakununua dukani, aliandikiwa na daktari.

Mama mdogo ni mchuuzi wa dagaa, ana miaka 61, presha anayo muda mrefu, anameza losatani pamoja na kile kidonge cha kupunguza maji mwilini. Tatizo lake magoti. Aliyekaa na wanaoanika dagaa anaijua ile kazi, kutwa umeinama unageuza juani afu jioni gunia kichwani. Akaenda dispensari ya mtaani kwetu ambako tunatibiwa ukoo mzima, daktari ni yule yule miaka nenda rudi na tunamheshimu. Akachomwa sindano za diklofenaki siku tano mfululizo, akapewa vidonge, vikaisha akarudi akapewa vingine, ikawa hivyo mpaka mwezi wa pili unakatika. Vidonge viko kwenye kibahasha cheupe kimeandikwa 1x3, basi. Jina la dawa hakuna, siku za kumeza hakuna. Alikuwa anakifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela ya nauli. Na goti lilitulia, nisiseme uongo, tulifurahi wote.

Afu miguu ikaanza kuvimba, presha ikawa inapanda wakati dawa yake anameza vizuri tu, tukasema ni uchovu. Siku moja akaniita pembeni kwa aibu akaniambia mwanangu choo changu siku hizi cheusi kama lami. Sikujua maana yake. Ile ni damu iliyotoka tumboni ikapikwa njiani, kama kuna mtu anasoma hapa na ana choo cha hivyo na anameza hizi dawa aache kusoma aende hospitali sasa hivi. Sisi tulikaa siku tatu, alfajiri ya nne akaanguka chooni. Hospitali kubwa wakapima wakakuta kiwango cha damu (hemoglobini) ni 5 tu, akaongezewa chupa tatu, wakaingiza kamera wakaona kidonda tumboni, na figo nazo zimeyumba. Daktari wa wodini akauliza anatumia dawa gani ya maumivu, tukatoa kibahasha. 1x3. Ikabidi mdogo wangu apande bodaboda arudi dispensari kuuliza jina.

Nikaanza kusoma. Hizi dawa zinazuia mwili kutengeneza vitu vinaitwa prostaglandini, ndo vinaleta uvimbe na maumivu, lakini hivyo hivyo ndo vinalinda ukuta wa tumbo na kuweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mwanasayansi John Vane wa Uingereza alilionesha hilo mwaka 1971 kwa aspirini, 1982 akapewa Nobel, kwa hiyo siyo siri mpya. Na ndo maana ile imani yetu kwamba sindano haipiti tumboni kwa hiyo haina vidonda ni uongo, dawa inafika huko huko kwa njia ya damu. Sindano ya diklofenaki yenyewe imeandikiwa isizidi siku mbili. Afu mtu anayemeza dawa ya presha ya kundi la losatani na dawa ya kupunguza maji, ukimuongezea diklofenaki figo zinabanwa pande tatu kwa mpigo. Yote haya yalikuwa kwenye daftari la mama, ukurasa wa juu yake tu.

Najua mtaniambia Uingereza waliiondoa diklofenaki ya kumeza kwenye dawa za kununua bila cheti Januari 2015 kwa sababu ya madhara kwenye moyo. Sawa. Ila cheti cha huku anakiandika nani? Hoja yangu ni hii: anayeshika kalamu alazimike kuuliza kwanza, una presha, una figo, ulishawahi kuwa na vidonda au kutapika damu, una mimba, unameza nini kingine, na kibahasha kiandikwe jina la dawa na siku za kumeza. Dakika mbili. Karibuni, mnaonaje?

Mchangiaji, afisa tabibu (Sengerema):

Pole sana kwa mama. Niongee upande wetu bila kujificha. Kuna siku naona wagonjwa sabini niko peke yangu, na mgonjwa ukimpa parasetamoli anatoka nje anatangaza kwamba nimempa panado tu, kesho yuko kwa mwingine anachomwa sindano. Tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, ina masharti yake na inaleta uteja. Kwa hiyo katikati hapo tumebaki na diklofenaki, na kwa maumivu ya viungo inafanya kazi kuliko parasetamoli, hilo lazima lisemwe. Kuhusu maswali upo sahihi. Huwa nauliza vidonda, presha nasahau mara nyingi. Lakini duka usiliache, mtu nimemwandikia diklofenaki anapitia dukani anaongeza ibuprofeni, zote kundi moja, anakuja kulaumu daktari.

Mchangiaji, mvuvi (Igombe):

Mi navuta nyavu usiku kucha mgongo umeshaisha, bila kidonge siingii ziwani na nisipoingia watoto hawali. Mkisema cheti mnanipeleka nikalipe kumuona daktari, nipange foleni siku nzima, afu anipe kile kile cha dukani bila hata kuniangalia usoni. Mi namuunga mkono mleta mada, bora muuzaji aniulize maswali mawili kuliko kunifungia.

Mchangiaji:

Mnatisha watu bure. Nimemeza ibuprofeni zaidi ya miaka kumi, kichwa, meno, kila kitu, sijawahi kuona hayo. Mama wa mleta mada umri nao umechangia.

Mchangiaji, muuguzi (Ukerewe):

Kuna kitu cha huku kwetu hamjakitaja, kichocho. Watu wa mwambao wengi wana kichocho cha tumbo cha tangu utotoni, kinaharibu njia ya damu kwenye ini, mishipa ya kwenye umio inavimba kama kamba, siku ikipasuka mtu anatapika damu beseni zima. Mtu kama huyo hizi dawa ni za kukaa nazo mbali, na yeye mwenyewe hajui kama anayo hiyo mishipa. Swali la je umekulia ziwani, bandama limewahi kuvimba, nami naliongeza kwenye yako. Na wajawazito, tangu wiki ya 20 wasipewe hovyo, Marekani walitoa onyo hilo 2020 kwa sababu figo za mtoto zinaathirika na maji ya uzazi yanapungua.

Mleta mada:

Asanteni, hasa dada wa Ukerewe, hilo la kichocho limenipiga kwa sababu mama amekulia kisiwani.

Ndugu wa miaka kumi, sibishi kwamba wengi wanameza na hawadhuriki. Uchambuzi mkubwa wa majaribio uliotoka 2013 ulikuta kati ya watu 1000 wanaotumia diklofenaki ya dozi kubwa kwa mwaka, kama watatu zaidi kuliko wasiotumia wanapata shambulio la moyo, kiharusi au mfano wake, na mmoja kati ya hao anakufa. Watatu unaweza kuona kidogo. Hesabu basi ni wangapi wanameza toka Kirumba mpaka Buhongwa. Na umri ndo hoja yenyewe, mzee ndo alipaswa kuulizwa zaidi.

Tabibu, sina ugomvi na nyie, foleni naijua. Nilirudi pale dispensari kuongea na daktari wetu. Akaniambia mama hakusema kama ana presha. Nikamuuliza, ulimuuliza? Akanyamaza, akavua miwani akaifuta muda mrefu, akasema alikuwa amezoea kumuona akija kwa ajili ya wajukuu. Sikutaka kumfokea.

Mama yuko nyumbani, amepewa omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni, parasetamoli na diklofenaki ya kupaka, ile inaingia kwenye damu kidogo sana. Magoti yamerudi kuuma. Juzi amekaa kizingitini ananyoosha mguu kwa mikono miwili, akaniuliza kama vile vidonge vya kibahasha cheupe havipatikani tena.